Jani la Abuku

Acidri amefundisha jiografia miaka kumi na tisa, na katika miaka kumi ya mwanzo hakuwahi kuona kisukuku hata kimoja. Kisukuku, kwa asiyejua, ni mabaki au alama ya kiumbe cha zamani iliyohifadhiwa ardhini mpaka ikawa kama jiwe. Maelezo hayo Acidri aliyajua kwa moyo. Alipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wake alichora ubaoni konokono wa baharini aliyejikunja, naye akamnakili katika daftari. Alipoajiriwa hapa Koboko, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, akamchora konokono yule yule, na wanafunzi wakamnakili. Mkufunzi hakuwahi kumwona, Acidri hakuwahi kumwona, wanafunzi hawangemwona kamwe, na wote, ajabu ya Mungu, walifaulu mtihani.

Mimi ni Zubeiri, mwalimu wa Kiswahili katika shule hiyo hiyo. Ni kazi ya kuchosha, maana mji mzima unazungumza Kiswahili na hakuna anayetaka kusahihishwa. Mimi na Acidri tunatumia meza moja katika chumba cha walimu, na madarasa yetu yametenganishwa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo masomo yake nimeyasikia yote, mengine mara kumi. Yeye ni Mlugbara wa Terego, mtoto wa katekista, mrefu, mwenye haya, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Mimi ni Mnubi wa hapa mjini. Walimu wenzangu huniita Ustadhi, ingawa sijafundisha madrasa hata siku moja.

Miaka tisa iliyopita Acidri alianza kujenga nyumba. Alinunua mawe ya msingi kutoka Abuku, kwa mama mmoja anayeitwa Juliet ambaye kazi yake ni kupasua mawe na kuponda kokoto kando ya kilima. Siku ya kupakia lori, Juliet alimpa bapa moja la jiwe, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. "Mwalimu, chukua na hii," alimwambia. "Hii iko na maua." Acidri aliligeuza na kuona, juu ya jiwe jeupe, jani jeusi jembamba lenye vitawi vidogo pande zote mbili, kama yale majani yanayoota kwenye mawe ya mtoni. Alisahau kuhesabu mawe ya msingi, akarudi nyumbani na lori pungufu, na mkewe hajamsamehe mpaka leo.

Tangu siku hiyo alifundisha visukuku kwa jiwe hilo. Lilikaa katika droo ya cherehani ya mkewe, limefungwa kwa kitambaa cha kijani. Kila mwaka, Alhamisi moja ya muhula wa kwanza, alilileta shuleni. Wanafunzi walinawa mikono na kupanga mstari, na kila mmoja alipitisha kidole juu ya lile jani bila kuligusa, huku Acidri akisema kwa sauti ya kanisani, "Jani hili lilianguka kabla ya babu wa babu zenu kuzaliwa." Mwaka wa kwanza nami nilipanga mstari. Sina subira na mawe, lakini nakiri nywele zilinisimama.

Sifa zikaenea. Walimu wa shule nyingine walikuja kulipiga picha, na picha ikatumwa kwa simu huku na huko mpaka shule kumi na tatu za mkoa wetu wa West Nile zikawa na Jani la Abuku katika daftari zao. Mwalimu mkuu wetu alilionyesha kwa kila mgeni. Mtaala mpya ulipokuja, ule unaotaka mwanafunzi ashike na aone badala ya kukariri, ikapangwa semina ya siku mbili mjini Arua kwa walimu arobaini wa jiografia. Acidri akaombwa aonyeshe jinsi ya kufundisha visukuku kwa kitu halisi. Kiti cha naibu mwalimu mkuu kilikuwa wazi wakati huo. Mwalimu mkuu alimwambia mbele yangu, "Ukirudi na sifa kutoka Arua, mimi nitajua la kuandika." Mtu mwenye haya naye hutamani kitu, na Acidri alikitamani kile kiti waziwazi. Alinunua suruali mpya.

Sasa nimtaje Natalina. Alikuwa kidato cha pili, binti wa Sudan Kusini, anaishi kwa shangazi yake hapa Koboko ili asome, na mama yake anaishi katika makazi ya wakimbizi kule Omugo. Alikaa karibu na dirisha. Katika somo langu alikuwa wa wastani, tena alinikera, kwa sababu kila kanuni niliyotoa aliitafutia pale inapovunjika.

Mwaka huu, Jumanne moja, Acidri aliwafundisha akina Natalina aina za mawe. Nilimsikia kupitia ukutani kama kawaida. Aliwaambia kwamba mawe ya Koboko na Arua ni ya kale sana, kwamba yaligandamizwa chini kabisa ya ardhi na kupikwa kwa joto kali mpaka yakabadilika. Aliwaambia pia kwamba visukuku hupatikana katika mawe ya aina nyingine, yale yanayotokana na tope na mchanga uliotulia chini ya maji. Wakaandika. Alhamisi akaleta jiwe. Miaka tisa alikuwa akifundisha hivyo, Jumanne hili na Alhamisi lile, na hakuna aliyeziweka siku hizo mbili pamoja. Hata mimi ninayesikiliza bure sikuziweka.

Natalina akainua mkono. Alianza kwa Kiingereza, kikamkatalia, akahamia Kiswahili.

"Mwalimu, Jumanne ulisema mawe ya hapa ilipikwa na moto."

"Ndiyo, joto. Joto kali."

"Na hii jiwe ni ya Abuku."

"Ya Abuku, ndiyo."

"Sasa jani haikuungua?"

Mmoja akacheka, halafu wote wakacheka, kwa vile walidhani swali ni la kijinga. Nilisubiri kumsikia Acidri akijibu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kaa chini. Hapa hatuna muda ya kuchezea."

Upande wangu wa ukuta nimeandika kwa rangi ya buluu, kwa mkono wangu mwenyewe, KUULIZA SI UJINGA. Siku ile niliyatazama maneno hayo kidogo, halafu nikaendelea na ngeli ya LI-YA.

Wiki mbili baadaye ukaja mtihani, ule ambao alama zake hupelekwa kwenye bodi ya mitihani pamoja na za mradi. Swali la nne lilisema: Eleza jinsi Jani la Abuku lilivyogeuka kisukuku. Natalina aliandika mistari minne, kwamba haiwezekani, na sababu zake. Acidri akampa sifuri. Niliiona karatasi hiyo mezani, kwa kalamu nyekundu, duara kubwa.

"Ndugu yangu," nilimwambia, "hata moja ya kujaribu?"

"Ustadhi, wewe fundisha ngeli yako."

Nikafundisha ngeli zangu. Ningeweza kusema zaidi na sikusema, kwa sababu semina ilikuwa inakaribia na sikutaka kuonekana mwenye kijicho. Ninaona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Likizo ikaja. Muhula wa pili ulipoanza Natalina hakurudi. Shangazi yake alisema amekwenda kwa mama yake Omugo, basi. Watoto hawarudi kwa sababu nyingi, na mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani hawezi kumfuata kila mmoja. Wiki moja kabla ya semina, Acidri aliweka kikombe cha chai mezani na kuniambia, "Lile swali limenikwama kama mwiba wa samaki. Nikimeza haliendi, nikikohoa halitoki. Twende Abuku."

Tukaenda kwa pikipiki yake, Jumamosi asubuhi. Juliet tulimkuta pale pale alipokuwa miaka tisa iliyopita, ameketi juu ya gunia lililokunjwa, nyundo mkononi, rundo la kokoto mbele yake. Alifurahi kumwona Acidri, akauliza habari za nyumba na watoto. Acidri alifungua kitambaa cha kijani akamwonyesha jiwe.

"Eee, bado unayo!" Juliet akacheka. "Ile siku nilitafuta ile nzuri kabisa."

"Nzuri kabisa?" Acidri akauliza. "Kwani ziko nyingi?"

Juliet alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama kuku wana manyoya. Akavuta jiwe kubwa lenye ufa, akaliweka sawa, akapiga nyundo mara mbili. Likafunguka. Upande mmoja kulikuwa na jani jeusi, na upande wa pili jani lile lile. Akapasua lingine. Hilo lilikuwa na majani sita, yote yameanzia ukingoni mwa ufa na kuingia ndani, hakuna hata moja lenye shina. Mengine yalikuwa madoa tu, mengine yameanza kuwa majani yakaishia njiani.

"Sisi tunaita jasho ya mawe," Juliet alisema. "Maji inaingia pale iko ufa, inabeba uchafu nyeusi, inakauka. Inatoka kama maua. Mvua mingi, maua mingi."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Mwalimu, wewe hukuuliza. Ulishika ile jiwe, ukakimbia. Hata mawe yako mengine uliacha hapa."

Acidri alimwomba wembe. Juliet hakuwa nao, akampa kisu cha kumenyea muhogo. Acidri akakwangua kitawi kimoja cha lile jani lake, taratibu, kama anayenyoa mtoto. Kikatoka unga mweusi, mwembamba kama masizi, na chini yake jiwe lilikuwa tambarare kabisa. Jani la kweli lingeacha mkunjo, mshipa, hata kishimo. Yote hayo aliyajua, kwa sababu yameandikwa kitabuni, ukurasa unaofuata ule wa konokono.

Tulipofika kwangu nikampa maji ya kunywa na shauri. Shauri langu lilikuwa baya. Nilimwambia, "Semina ni siku mbili, unaibu ni mpaka kustaafu. Onyesha jiwe lako, pokea makofi, ukirudi ulitupe mtoni. Nani atajua?"

"Yule msichana anajua," alisema.

"Yule msichana yuko Omugo."

Akaweka bilauri chini na kuondoka bila kuaga. Nilimkasirikia. Baadaye hasira ikaniisha na ikabaki kile kilichokuwa chini yake, kwamba mimi ndiye niliyesema hivyo na si yeye.

Tulikwenda Arua pamoja Ijumaa iliyofuata, yeye kwa semina, mimi kumwona dada yangu Medina ambaye ana duka la chakula cha kuku chini kidogo ya Arua Hill. Siku ya kwanza ilikuwa ya hotuba tu, zamu ya Acidri ilipangwa kesho yake asubuhi. Saa tisa alasiri alinifuata dukani. Mkewe anafuga kuku wa mayai na alikuwa amemwagiza pumba, dagaa, na makombe ya ziwani, yale magamba ya konokono na chaza wanayochanganyiwa kuku ili mayai yawe na ganda gumu. Alisimama mlangoni na suruali yake mpya, uso umesawijika. Nilimuuliza ataonyesha nini kesho. Akasema hajui, labda atasema jiwe limepotea.

Medina alikuwa anampimia makombe kwa bakuli. Dada yangu haachi kusema akipima. "Hii ni ile nzuri, mwalimu, kavu. Ile ya kutoka kwa maji inanuka. Hii watu nachimba."

"Wanachimba wapi?"

"Kule upande ya ziwa, lakini mbali na maji. Dereva ya kuleta mzigo nasema unatembea karibu saa nzima kutoka ziwa. Juu mbuzi nakula majani, chini ukipiga jembe ni makombe tu, makombe tu, mpaka urefu ya mutu."

Acidri alimshika mkono uliokuwa na bakuli. Medina akanitazama mimi, maana mwanamume wa haya kumshika mkono mke wa mtu dukani si jambo dogo.

"Mama, nipe gunia zima," alisema. "Na nipe mkeka."

Tukamwaga gunia juu ya mkeka nyuma ya duka. Acidri alipiga magoti, na suruali mpya ikaenda na maji. Alianza kutenganisha: makombe marefu yaliyosokotwa upande huu, yale mapana ya pande mbili upande ule, yaliyovunjika peke yake. Alikuwa akizungumza peke yake, lakini kwa sauti ya darasani. Hili lina mistari kama ya mti uliokatwa, kila mstari ni kipindi cha kukua. Haya yamesuguliwa kingo zote, kwa hiyo mawimbi yaliyachezea kabla hayajafunikwa. Na haya, tazama Ustadhi, pande mbili bado zimefungana, ndani kumejaa tope lililoganda. Chaza akifa bila kufunikwa hufunguka na kila upande huenda zake. Huyu hakupata nafasi ya kufunguka, tope lilimfunika ghafla. Akaokota kipande cha mfupa cha duara, kina tundu katikati, ukubwa wa kifungo cha shati. Pingili ya uti wa mgongo wa samaki. Na vyote hivi vimetoka mahali ambapo mbuzi wanachunga, maana yake maji yalifika pale zamani, na ziwa limerudi nyuma.

"Si ya mamilioni ya miaka," alisema. "Maelfu labda. Wataalamu wengine wangeviita visukuku vichanga. Lakini ni viumbe, Ustadhi. Viliishi."

Nilibaki naye mpaka adhana ya magharibi. Nimesema sina subira na mawe, na ni kweli, lakini kwa saa tatu nilitenganisha magamba kama mwanamke anayechambua mchele, na nilikuwa na furaha kabisa. Medina alituletea chai. Acidri alikaa kitako, akatazama vifungu vyake vilivyopangwa, akaanza kucheka mpaka machozi.

"Miaka kumi na miwili nawalisha kuku visukuku," alisema, "na doa la maji nimelifungia kwenye kitambaa."

Asubuhi niliingia ukumbini kama mgeni nikakaa nyuma. Mwalimu mkuu wetu alikaa mbele, amekunja nne. Acidri aliweka jiwe mezani, akakifungua kitambaa, na simu arobaini zikainuka kupiga picha. Alisimulia lilivyopatikana. Nilifikiri amefuata shauri langu, nikajuta kulitoa. Kisha akatoa wembe mfukoni, akatandika karatasi nyeupe, akalikwangua lile jani mbele ya watu wote.

"Hili si jani," alisema. "Halijawahi kuwa jani. Ni madini meusi yaliyobebwa na maji ndani ya ufa. Nimefundisha uongo huu miaka tisa, na wengi wenu mmeupata kwangu."

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu mmoja wa makamo, mwenye hasira iliyo wazi. "Sasa sisi watoto wetu tuwaambie nini? Iko kwa daftari yao!"

"Waambieni kama mimi ninavyowaambia ninyi."

"Na wewe nani alikuambia?"

"Mwanafunzi wa kidato cha pili. Anaitwa Natalina. Aliniuliza kama mawe ya hapa yalipikwa, jani halikuungua? Nilimwambia akae chini. Halafu nikampa sifuri."

Hapo hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja pale alikuwa na mtu wake aliyewahi kumwambia akae chini. Mimi nilimkumbuka wangu. Acidri hakuwapa muda wa kuhuzunika; akamwaga makombe juu ya mkeka, akawaita washuke sakafuni. Walisita, wakatazamana viatu, halafu mmoja akapiga magoti na wengine wakafuata. Dakika ishirini baadaye walimu arobaini wa jiografia walikuwa wanagombania pingili za samaki. Mwalimu mkuu wetu aliondoka kabla ya chakula cha mchana. Unaibu akapewa mwalimu wa kemia, mtu mzuri, sina neno naye.

Alhamisi iliyofuata Acidri aliliambia darasa lake. Nilimsikia kupitia ukutani. Wanafunzi waliuliza maswali mpaka kengele ikapita, maana walimgundua mwalimu anayekosea na hawakutaka kumwacha. Alirudi mezani, akaketi, na nilitegemea kumwona ametua mzigo. Hakuwa ametua.

"Nimewaambia watu wote," alisema, "isipokuwa aliyeniambia mimi."

Aliniomba nifuatane naye Omugo. Sababu aliyotoa ni lugha: mama yake Natalina anazungumza Kiarabu cha Juba, ambacho na Kinubi chetu ni mtu na ndugu yake, na yeye Acidri hajui hata salamu. Sababu ya pili hakuitoa, nami sikuiuliza. Tulikwenda Jumamosi kwa pikipiki, vumbi likitupaka mpaka kope. Tulipofika kituo cha biashara tuliulizia, tukaelekezwa, tukaelekezwa tena. Mama tulimkuta nje ya nyumba yake anapepeta mtama. Nilimsalimu kwa Kinubi, akatandika mkeka, akatuletea maji. Akamwita binti yake kutoka shamba la karanga. Natalina alikuja na jembe begani. Alipomwona Acidri alisimama mbali kidogo na hakulishusha.

Acidri alikuwa amebeba karatasi ya mtihani. Amefuta duara, ameandika alama kamili, ameweka sahihi na tarehe. Alimpa kwa mikono miwili. Alimweleza habari za Juliet, za ufa, za wembe, na kwamba alilitaja jina lake mbele ya walimu arobaini. Alisema kila kitu vizuri, kwa mpangilio, kama somo. Natalina aliisoma ile karatasi, akaikunja, akampa mama yake aishike.

"Hiyo najua, mwalimu," alisema. "Najua kutoka ile siku kwamba si jani."

"Ndiyo. Ulikuwa sahihi. Ile sifuri ilikuwa kosa yangu, na kama ndiyo imekufanya..."

"Si sifuri."

Acidri akainua macho kumtazama.

"Shangazi alisema nirudi, mama alisema nirudi," Natalina alisema. "Mimi nilikataa. Nilifikiri wewe unajua."

"Ninajua nini?"

"Kwamba si jani. Wewe ni mwalimu. Ulifundisha mwenyewe mawe ilipikwa. Nilifikiri unajua, na unadanganya sisi tu, kwa sababu sisi ni watoto, na wageni wanapenda ile jiwe. Nikasema kama walimu wanajua na wanadanganya, sasa mimi nasoma nini pale?"

Mama aliniuliza kwa Kiarabu binti amesema nini. Nilimfasiria. Miezi yote hiyo Acidri alikuwa akiogopa jambo moja, watu wasije wakagundua kwamba hajui, na kumbe huyu mmoja alikuwa amemdhania baya kuliko hilo.

"Natalina," Acidri alisema, "mimi sikujua."

"Hukujua kweli?"

"Sikujua."

"Hata kidogo? Hata pale nimeuliza?"

"Hata pale umeuliza. Niliogopa tu. Miaka tisa, sikujua kitu."

Natalina alinigeukia mimi, maana mimi ndiye shahidi aliyekuwepo. "Ustadhi, ni kweli? Hakujua?"

"Wallahi," nilimwambia, "hakujua hata kidogo, na mimi niliyekaa naye meza moja sikujua pia."

Alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, watu wazima wawili wamekaa juu ya mkeka wa mama yake na vumbi usoni. Akashusha jembe begani na kuliegemeza ukutani.

"Basi kama hamkujua," alisema, "Jumatatu nakuja."